Metresi na Mizuka ya Aprili

Metresi alikuwa na vitu viwili vya kulea, kreshi ya watoto kumi na mmoja na presha ya kupanda, na vyote viwili alivilea kwa vitu vya jikoni. Watoto aliwapa maboksi, trei za mayai na uji wa ngano wa kugandishia. Presha aliipa vitunguu saumu na, alipovipata, vidonge viwili vya kliniki, cheupe cha asubuhi na cha waridi cha jioni. Naanza na vidonge kwa makusudi. Watu wa Greyville, mtaa wetu hapa Durban, wakimkumbuka huanza na mizuka, hucheka, kisha hunyamaza. Mimi nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba tulichokuwa tunapigania ni vidonge, na kwamba tulishindwa.

Metresi ndivyo Wakongomani wanavyomwita mwalimu wa kike wa watoto wadogo. Neno wamelitoa kwenye Kifaransa na halirudi tena. Jina lake la ubatizo nililisoma mara moja tu, kwenye karatasi ya hospitali, na hata hapo niliona kama ni la mtu mwingine. Mimi ni msusi. Kwetu ni Burundi, lakini Kiswahili nilikisomea kambini Kigoma mbele ya walimu Watanzania wenye viboko, basi kila nilipofungua mdomo Metresi alikuwa na la kusema.

"Mama Ornella, unaongea sawa redio."

Nami nilimcheka yeye na "iko" zake zisizo na idadi. Ornella ni binti yangu wa pekee. Nilimpeleka kwake akiwa na miaka mitatu, akakaa hadi alipokaribia sita, na katika miaka hiyo nadhani alimsikiliza Metresi kuliko alivyonisikiliza mimi.

Kreshi ilikuwa sebuleni kwake, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilizotaka. Kwenye veranda ulikuwa unaona majani ya uwanja wa mbio za farasi. Siku za mbio watoto walijipanga kwenye nondo, na Metresi aliwahesabisha farasi, akasema chati ya namba ni ya watu wasio na dirisha. Godoro lake lilisimamishwa ukutani mchana. Usiku lililazwa palepale watoto walipokuwa wamekalia, na hakuwahi kulalamika juu ya hilo. Alilalamika juu ya mambo mengine yote.

Alikuwa na begi kubwa la mistari ya buluu na nyekundu, lile ambalo Watanzania huliita shangazi kaja. Begi hilo lilijulikana. Mtengeneza simu wa ghorofa ya chini yake alimwekea maboksi ya chaja. Mwenye duka la mayai alimwekea trei zilizolowa. Vile vibomba vinavyobaki katikati karatasi ya choo ikiisha alikuwa akividai mlango kwa mlango, bila aibu, na akisikia umekitupa kimoja alikusema mbele ya wageni wako. Nimewahi kumwona akimsimamisha mwanamume mzima kwenye ngazi na kumuuliza familia yake inatumia karatasi ngapi kwa wiki, na kwa nini yeye haoni matokeo.

Alhamisi alikuja saluni kusukwa. Tuseme kweli, alikuja kuchukua takataka. Alikaa, akalia kwamba namvuta, akadai mimi nasuka kwa hasira za Kirundi, na akimaliza alichukua ufagio mwenyewe na kukusanya vipande vyote vya nywele za bandia vilivyoanguka. Nywele hizo zikawa miguu ya buibui. Buibui alikatwa kwenye trei ya yai, kishimo kimoja kimegeuzwa, akapakwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji, akabandikwa vifungo viwili vya shati kuwa macho. Ilikuwa kazi rahisi, mtoto wa miaka minne aliimaliza kabla ya saa nne ya chai, na matokeo yake yalitisha vya kutosha.

Yalimtisha mama mmoja wa kutoka Uvira, aliyekuja kumchukua mwanawe na kumkuta ameshika mdudu mwenye nywele. Kwetu nywele hazitupwi ovyo. Msusi yeyote atakwambia kuna wateja wanaoondoka na zao kwenye mfuko.

"Metresi, hii nywele ni ya nani?" aliuliza.

"Ni plastiki."

"Nauliza ilikuwa ku kichwa ya nani."

"Haikufika ku kichwa ya mutu. Ilianguka mu njia. Choma kidogo usikie kama itanuka nywele ao itanuka ndoo."

Yule mama aliwasha kiberiti kweli, pale pale mlangoni. Ilinuka ndoo. Akamwacha mtoto, na wiki iliyofuata akaleta vibomba sita.

Sasa mizuka. Kuna bibi mmoja Mzungu wa Berea, mtaa wa juu kilimani, ambaye Metresi aliwahi kumfanyia usafi. Bibi huyo alimpa kijitabu cha fotokopi alicholetewa na watoto wake walioko ng'ambo, ufundi wa kutisha wa majira ya vuli, yale ya majani kuanguka, kwa watoto, kwa vitu vya nyumbani. Kiingereza cha Metresi kilikuwa cha sokoni, cha kununua na kukataa. Alikaa na kamusi juma zima. Alipofika kwenye vuli aliuliza dukani: vuli hapa Durban ni lini? Wakamwambia kweli tupu, Machi, Aprili, Mei. Huko kijitabu kilikotoka vuli ni Oktoba, na mambo hayo yana siku yake maalumu, watoto wanapojifanya mizuka, lakini bibi hakufikiria kumwambia na Metresi hakufikiria kuuliza. Basi ikawa wiki ya Pasaka, wakati makanisa yetu yote yanafunga na kulia, veranda ya ghorofa ya tatu imejaa mizuka.

Majani ya kuokota hayakuwepo, kwa sababu miti ya Durban haina habari na vuli. Aliwakatisha watoto majani kwenye mifuko ya kaki na kuyalowesha chai ya rangi. Maboga ya kuchonga yalikuwa ghali na visu hakuwapa watoto, basi wakachora meno na macho kwenye machenza, maana Aprili ndio msimu wake, na saa nne wakayamenya wakayala. Popo walitoka kwenye mifuko myeusi ya takataka na vibanio vya nguo. Lakini mizuka ndiyo iliyokuwa sifa yake. Unageuza kikombe juu ya chupa ya soda, unachukua bendeji kuukuu au kipande cha neti, unaloweka kwenye uji mzito wa ngano, unakitandaza juu ya kikombe na kukiacha juani. Kikikauka unachomoa chupa na kikombe. Kitambaa kinabaki kimesimama chenyewe, kina mabega na kichwa, na ndani hakuna kitu.

Pasta alipanda ngazi Ijumaa Kuu, akihema, akiwa na wazee wawili wa kanisa.

"Metresi, wiki ya kaburi! Wiki ya kaburi unatundika mizimu?"

"Pasta, ile asubuhi wanawake balikuta kaburi wazi, balifanya nini?"

Pasta alifikiri. "Balikimbia."

"Balikimbia, iko imeandikwa. Sasa mie nafundisha batoto basikimbie."

Wazee wakaangaliana. Pasta alikunywa chai, akala chenza lenye meno, akashuka. Jumapili alihubiri juu ya mambo mengine. Mwaka uliofuata bibi wa Berea alicheka na kumweleza Metresi kosa la Oktoba, na Metresi hakubadilisha hata siku moja. Kitabu kilisema vuli, alisema, na vuli ni Aprili, na kama ng'ambo wanaifanya Oktoba shauri yao.

Nadhani alikuwa na sababu nyingine. Aprili ndio mwezi ambao zamani, kabla Ornella hajazaliwa, wageni tulifukuzwa mitaani tukalala kwenye mahema. Tangu hapo, Aprili ikikaribia watu wazima hunong'ona. Simu hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, mtu amesikia wataandamana, mtu amesikia wametaja mtaa wetu. Watoto husikia yote na hawaulizi. Metresi aliona hilo. Kijitabu kilimpa kisingizio.

Maana mizuka haikuwa ya kutundika tu. Kila Ijumaa aliuweka mmoja mlangoni, akafunga mapazia, na kila mtoto alitakiwa kwenda peke yake hadi mbele yake. Sheria zake zilikuwa mbili na alizirudia hadi wapita njia wakazijua.

"Kitu ikikutisha, kwanza salimia. Kisha uliza: weye unatengenezwa na nini?"

Mtoto alisalimia, akauliza kwa sauti ya kusikika jikoni, kisha akaugusa mzuka na kujibu mwenyewe: bendeji, uji, hewa. Wengine walilia mara tatu nne kabla hawajafika. Metresi hakuwabembeleza. Hakuwa mpole, na wanaomsifu sasa kwa upole hawakupeleka mtoto kwake. Alifinya masikio. Alikuwa na vipenzi na hakuficha. Wazazi aliwadanganya kila jioni kwamba mtoto amelala vizuri. Lakini mtoto akishagusa mzuka ule, Metresi alimnyanyua juu kwa mikono miwili, mwanamke mnene mwenye presha, akamzungusha chumba kizima. Ornella alifika mara ya kwanza akiwa na miaka minne. Usiku huo aliniuliza mimi natengenezwa na nini, nikamwambia nyama na uchovu.

Na huyo mwalimu wa ushujaa alikuwa mwoga kupindukia. Hakupanda lifti hata ilipofanya kazi. Namba ngeni ikipiga simu yake aliiweka chini ya mto hadi inyamaze. Ukibisha hodi ulijitaja mara tatu, na mara ya tatu ulitakiwa kutaja na jina la mama yako. Popo wa plastiki walitolewa nje kabla ya jua kuzama, wote, wakakaa kwenye korido.

"Mie silale na popo," alisema.

"Lakini wewe ndiye uliyewatengeneza."

"Njo juu ya ile," alisema, yaani ndiyo sababu. "Naelewa akili ya mwenye kubatengeneza."

Nilimpenda kwa hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Alijua woga wote na akakataa kuurithisha.

Kisha watu wakaanza kusimama milangoni pa kliniki. Hawakuwa polisi wala wahudumu. Walikuwa wananchi tu, wenye fulana zinazofanana na fimbo, waliosema wageni wanamaliza dawa. Walikuuliza kitambulisho cha nchi hii, na usipokuwa nacho ulirudi nyumbani na ugonjwa wako. Karatasi ya ukimbizi hawakuitaka hata kuiona. Metresi alirudishwa Februari. Akarudishwa Machi. Vidonge vyeupe vilikwisha kwanza. Vya waridi alianza kuvikata nusu kwa mkasi wa kreshi, halafu robo, kwa uangalifu uleule aliokatia macho ya buibui. Vitunguu saumu vikaongezeka hadi watoto wakawa wanarudi nyumbani wananuka.

Mpango wa Aprili ulikuwa wangu. Mimi Kizulu ninacho, nimekipata kwa wateja. Nilimfundisha Metresi sentensi moja, kwamba amekuja kuchukua vidonge vyake, na aliifanyia mazoezi wiki nzima: Ngizolanda amaphilisi ami. Nilimvisha shali na kitambaa cha kichwa kama wanavyovaa mabibi wa huku. Na wazo la kumchukua Ornella lilikuwa langu pia. Bibi na mjukuu, nilisema, nani atawasumbua? Ornella tulimwambia kwamba leo tunacheza mchezo wa kunyamaza, na mshindi atapata aiskrimu.

Tulikwenda asubuhi. Mstari ulikuwa mrefu, jua kali. Metresi alinishika mkono mmoja na Ornella mwingine, na mkono wake ulikuwa unatetemeka tangu tulipovuka roboti ya mwisho, kama tunavyoita taa za barabarani huku. Ornella aliuangalia mkono ule. Nilimwona akiuangalia na sikufikiria kitu. Mlangoni alisimama kijana mrefu mwenye fimbo, si mtu wa kelele, amechoka tu kama mlinzi yeyote. Tulipofika mimi niliongea, Metresi akasema sentensi yake, akaisema vizuri kuliko mazoezini. Kijana alimtazama, akamtazama mtoto, akasogeza fimbo.

"Ngena, gogo," alisema. Ingia, bibi.

Metresi aliinua mguu. Ornella akachomoa mkono wake, akapiga hatua mbili hadi mbele ya yule kijana, akainua uso, na kwa sauti ya kusikika jikoni akasema:

"Habari yako, kitisho! Weye unatengenezwa na nini?"

Kijana aliinama kidogo. Alikuwa karibu kutabasamu. "Uthini lo mntwana?" aliniuliza, mtoto anasema nini. Nilikuwa na Kizulu cha kutosha kudanganya kitu chochote, na sikupata hata neno moja. Akamwangalia Metresi. Metresi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Basi yule kijana akaelewa kwamba sisi ni wageni, na hakukasirika, na hilo ndilo sijaweza kumsamehe. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikitika, akarudisha fimbo mahali pake.

"Hayi, gogo. Phumani." Tokeni.

Mwanamke mmoja kwenye mstari alisema "shame" kwa sauti ndogo. Ni neno wanalolisema huku wakimhurumia mtu.

Tulipovuka barabara nilimpiga Ornella kofi. Nilimpiga mbele za watu, mtoto aliyefanya alichofundishwa kumsaidia mtu anayempenda. Metresi aliudaka mkono wangu kabla ya la pili.

"Apana! Usimupige. Njo vile nilimufundisha."

Akasimama pale kwenye roboti. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na yeye hakuvuka. Nilimwita mara mbili.

Jumatatu yake nilipompeleka Ornella, veranda ilikuwa tupu. Aprili katikati, na hakuna popo, hakuna buibui, hakuna machenza yenye meno. Mizuka yote aliikunja ndani ya mfuko mweusi na kuishusha kwenye pipa la barabarani, yeye ambaye hakuwahi kutupa kibomba. Watoto walikuwa wamekaa wamejipanga ukutani. Alikuwa anawafundisha somo jipya. Ukikutana na mtu usiyemjua, macho chini. Mdomo ufungwe. Akikuuliza, sema "Sawubona, baba", salamu ya Kizulu, basi, na kama bado anauliza, nyamaza hadi achoke. Walirudia. Nyimbo pia zilibadilika, wakaimba kwa kunong'ona. Alikuwa mwalimu mzuri na watoto walishika haraka.

Niligombana naye siku hiyo. Nilimwambia kofi nililompiga Ornella linanitosha mimi, yeye asiwapige watoto wote kwa kosa langu.

"Miaka yote umewaambia wasikimbie," nilimwambia.

"Nilibaambia mambo ya karatasi, Mama Ornella. Bale bantu habako karatasi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilibadanganya batoto ya bantu. Mutoto anafika mbele ya fimbo anacheka. Siku ingine atakuta mwenye hana huruma sawa ule."

Hata leo namtafutia jibu nikiwa nasuka vichwa vya watu, na kila nikilipata naliona halifai kusemwa mbele ya mtoto mwenye miaka mitano na mwanamume mwenye fimbo.

Vidonge tulivitafuta. Dada mmoja wa kanisani mwenye presha yake aligawana naye nusu kwa nusu, hadi na yeye akaanza kizunguzungu na daktari akamgombeza. Daktari wa kulipia tulimwendea mara moja, tukapata vya mwezi mmoja, na mwezi ukaisha. Metresi mwenyewe alikataa kwenda tena mlangoni pa kliniki. Nikasema tujaribu kliniki nyingine, mbali, akasema ndio, kesho, na kesho yake akasema watoto ni wengi leo. Nilijua anaogopa. Ningeweza kumburuta. Nilikuwa na wateja.

Alianguka Juni, asubuhi, akiwa anakata mkebe wa maziwa kuwa taa. Hilo tulilijua baadaye, kwa mkasi tulioukuta kando ya mkebe. Mama wa Uvira alifika saa sita mchana kumchukua mwanawe mapema, akajitaja mlangoni mara tatu, hakujibiwa, akasukuma. Metresi alikuwa chini, ameangukia upande wa kushoto, macho wazi. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwa mstari ukutani, macho chini, midomo imefungwa. Mtengeneza simu wa chini, ambaye kwa kawaida alikuwa anagonga dari kwa ufagio akitaka kelele zipungue, alisema asubuhi nzima hakusikia kitu. Alidhani wametoka matembezi.

Ornella alinieleza nilipofika nimekimbia kutoka saluni, mikono ina mafuta. Aliniambia Metresi alilala chini ghafla akawa anawaangalia. Walimngoja aseme kitu.

"Mama, tulinyamaza vizuri," alisema.

Alikuwa anangoja nimsifu. Nilimbeba, nikashuka naye ngazi za ghorofa zote tatu, na sikuweza kumsifu wala kumweleza.

Hospitali ilimpokea, maana aliyeanguka haulizwi kitambulisho na wenye fimbo. Walimtunza vizuri, siwezi kusema vingine. Lakini daktari alisema amechelewa kuletwa kwa masaa, na kabla ya masaa hayo kwa miezi. Upande wa kushoto ulikuwa umekwenda. Mdomo ulikuwa umevutwa na jicho moja halikufunga sawasawa. Kreshi ilifungwa, nyumba ikapangishwa kwa vijana wanne wa kuuza nguo, watoto wakatawanywa kwa mama wengine, televisheni na uji. Mtengeneza simu aliendelea kuniletea vibomba saluni kwa wiki kadhaa, nikavipokea, hadi siku moja nikamwambia aache.

Metresi sasa anakaa Berea, chumba cha nyuma kwa yule dada wa kanisani. Kwa muda mrefu nilikwenda peke yangu. Nilimlisha, nilimsuka, nilimwambia habari za watu. Maneno yake yanatoka yamekunjamana, lakini ukizoea unaelewa. Kila mara aliuliza kitu kimoja, Ornella yuko wapi, kwa nini simleti. Nilisema yuko shule. Nikasema ana mafua. Nilikuwa naogopa kumkalisha mtoto yule mbele ya kitu ambacho mimi mwenyewe sijui nitamweleza vipi. Mwezi uliopita visingizio vilikwisha, na Jumapili baada ya ibada nikampeleka.

Ornella alifurahi njia nzima. Alivaa gauni la kanisani na soksi nyeupe. Alipanda kilima akiruka, akiniuliza kama Metresi atakuwa na mkasi. Dada alifungua mlango, tukapita jikoni, tukafika chumbani mchana mweupe, dirisha wazi. Metresi alikuwa ameegemezwa mito miwili, amefungwa kitambaa kipya, amejiandaa. Alituona akatabasamu, na tabasamu hilo sasa linakwenda upande mmoja tu, linainua shavu moja na kuacha jingine limening'inia na mate kidogo kwenye kona.

Ornella alisimama kizingitini. Nilidhani ananingoja. Nikamsukuma mgongoni kidogo.

"Nenda umsalimie Metresi."

Hakwenda. Alishika sketi yangu kwa mikono miwili. Nilipomwangalia, macho yake yalikuwa chini na mdomo umefungwa kabisa. Nikamfinya begani, nikamwambia kwa sauti ya chini asinitie aibu.

"Amekuwa na haya siku hizi," nilimwambia Metresi. "Shule mpya, unajua."

"Acha," alisema Metresi.

Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anamwangalia mtoto. Nikaona anaelewa, maana hakuna aliyejua sura ya mtoto anayeogopa kuliko yeye. Kisha akaweka mkono wake mzima kwenye godoro, akaanza kujisukuma. Dada alikimbilia kumsaidia, akakataliwa kwa kichwa. Ilichukua muda mrefu. Mguu uliokufa ulibaki nyuma, akaunyanyua kwa mkono, akaulaza, akajisukuma tena, anahema, hadi akawa ametugeuzia mgongo na uso wake uko ukutani.

"Sasa ingia, Ornella," alisema.

Sketi yangu ikaachiwa. Ornella aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, nyuma ya mgongo wake, akasema shikamoo. Ukuta ukajibu marahaba. Tulikaa karibu saa nzima. Ornella alimweleza habari za shule, jina la mwalimu wake, nani anakaa naye dawati moja, na Metresi akawa anauliza maswali polepole, neno moja moja. Hakugeuka hadi tulipoondoka.